Goma na Gisenyi ni muji moja? Mahindi na maharagi haviingie mu gunia moja



Kuna swali moja linarudi kila mara kati yetu watu wa Goma: hivi Goma na Gisenyi si ni muji moja tu? Mwenye kuuliza anaonyesha picha ya satelite ya usiku. Taa zinashikana kando ya ziwa, upande wetu na upande wa jirani, mpaka hauonekane. Kisha anaongeza: tukihesabu hii yote pamoja, tunapita miji mingi ya Afrika, na wenye pesa watatuangalia. Mwingine anaruka mbio: hapana, hiyo ni njia ya kuuza inchi. Na hapo mazungumuzo inakufa.

Mimi nilisoma agronomi, sikusoma urbanismu. Lakini kwa memwari yangu nilifuata mboga, toka shambani mpaka ku meza ya mama muuzaji, na mutu mwenye kufuata mboga anajikuta anafuata muji. Jibu langu liko wazi. Goma na Gisenyi ni ziwa moja, volkano moja, na karibu soko moja. Lakini si muji moja, na orodha yenye kuwahesabu pamoja inatudanganya. Orodha yenye kuwatenga kabisa, kama vile ng'ambo ya bariyeri hakuna kitu, nayo inatudanganya. Naomba nionyeshe ju ya nini, alafu niseme ni nini tungepashwa kuhesabu.

1. Nani anapima, na anapima na nini?

Tuelewane kwanza: "muji mukubwa" si kitu mutu anaokota njiani. Ni kipimo. Ukibadilisha kipimo, muji nao unabadilika. Kuna vipimo vitatu vyenye kutumika sana.

Cha kwanza kinaangalia nyumba. Africapolis, kazi ya OCDE na Klabu ya Sahel, inafuata majengo: kama kati ya jengo na jengo hakuna nafasi ya kupita mita 200, na watu wanafika 10,000, hiyo yote ni muji moja. Cha pili kinaangalia wingi wa watu kwa nafasi. Mu mwezi wa tatu 2020, tume ya statistiki ya Umoja wa Mataifa ilikubali njia yenye kukata dunia yote kwa vipande vya kilometa moja kwa kilometa moja. Vipande vyenye kushikana, kila kimoja na watu 1,500 ao zaidi, na jumla ikifika 50,000: huo ni muji. Cha tatu kinaangalia miguu ya watu: nani analala hapa na anatumika kule. INSEE ya Ufaransa inaingiza komini mu eneo la muji kama asilimia 15 ya wafanyakazi wake wanaenda kutumika katikati ya huo muji. Marekani wanaomba asilimia 25, na wanapima kwa kaunti nzima.

Unaona nguvu ya kipimo? Mu ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2018, Tokyo ilikuwa ya kwanza duniani na watu milioni 37, na Jakarta ilikuwa mbali chini na milioni kumi na kitu. Mu ripoti ya 2025, Jakarta ikaruka ya kwanza, karibu milioni 42. Wamama wa Jakarta hawakuzaa watoto milioni 30 kwa miaka saba. Kipimo njo kilibadilika: mbele walihesabu Jakarta ya karatasi, leo wanahesabu nyumba zenye kushikana nayo. Basi mutu akikuletea orodha ya miji mikubwa, swali la kwanza si "tuko ya ngapi?" Swali ni "mulipima na nini?"

2. Vipimo vitatu mbele ya Petite Barrière

Tuchukue hivyo vipimo tuvilete kwetu.

Kipimo cha nyumba: pale Birere, ukuta wa Congo na ukuta wa Rwanda viko karibu kuliko lango la chuo na kantini yake. Mita 200 ni nyingi sana. Kwa huo upimaji, muji moja.

Kipimo cha wingi wa watu: pande zote mbili watu wamejaa. Vipande vinashikana. Muji moja tena.

Kipimo cha miguu: hapa njo inakuwa tamu. Mbele ya Covid, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanavuka Petite Barrière kila siku, na hiyo ni kati ya mipaka yenye kuvukwa zaidi Afrika yote. Wamama wa Rubavu wanaleta nyanya, karoti, vitunguu, maziwa. Wa kwetu wanashusha vitenge na vitu vingine vya duka. Kuna mwalimu analala huku na kufundisha kule. Kuna mwanafunzi analala kule na kusoma huku, ju nyumba kule iko na maji. Saa ni moja: Goma na Gisenyi ziko na saa ile ile, wakati Kinshasa iko nyuma saa moja. Kiswahili kinaeleweka pande zote. Ukichukua miguu tu, utasema tena: muji moja.

Vipimo vitatu, jibu moja. Sasa ju ya nini mimi nakataa?

Nakataa kwa sababu vipimo hivyo vyote vinapima siku yenye bariyeri iko wazi. Hakuna hata kimoja kinauliza: hii njia ni ya nani, na inaweza kufungwa na nani, saa ngapi?

3. Robine

Mu umwagiliaji tunajifunza kitu kidogo lakini cha lazima: usipime mufereji kwa maji yenye kupita leo. Pima kwa mutu mwenye kushika robine. Mashamba mawili yenye kunywa mufereji moja hayana usawa kama robine iko kwa jirani moja tu. Na kama kila jirani iko na robine yake, basi maji inapita tu siku wote wawili wamefungua.

Angalieni tarehe, wengi wetu tuliziishi. Tarehe 14 Julai 2019, Ebola inaonekana Goma kwa mara ya kwanza. Tarehe 1 Agosti, Rwanda inafunga mupaka kwa masaa kadhaa, kisha inafungua siku ile ile. Mwezi wa tatu 2020, Covid: pande zote mbili zinafunga, na muuzaji mudogo anabakia ku mulango. Baadaye walianza kuvusha bidhaa kwa vikundi: wamama kumi wanachanga mizigo, moja gari inavusha, wenyewe wanabakia nyumbani. Mwezi wa sita 2022, askari wa Congo anauawa ng'ambo ya Petite Barrière, na Congo inaamua mupaka ufungwe saa tisa ya mchana. Mwisho wa Januari 2025 M23 inaingia Goma. Mabenki yanafungwa, uwanja wa ndege unafungwa, na mutu mwenye kutafuta pesa yake mwenyewe analazimika kuvuka Gisenyi.

Sasa niambieni: ni muji gani moja wenye nusu yake inaweza kufungiwa nusu ingine saa tisa ya mchana kwa barua ya mutu moja? Minneapolis na Saint Paul kule Marekani ni miji miwili, kila moja na meya wake, lakini ni muji moja kwa hesabu, na hakuna mutu anabisha. Wako na baraza la pamoja tangu 1967. Mukaaji wa Saint Paul akiamka asubuyi, hakuna mutu anaweza kumukataza kuvuka mto Mississippi kwenda kazini. Kuvuka ni haki yake. Kwetu kuvuka ni ruhusa. Unaonyesha jetoni ao karatasi, unangojea muhuri.

Hapo njo naweka mustari wangu: miji miwili inakuwa moja siku kuvuka inakuwa haki, si ruhusa. Nyumba kushikana haitoshi. Hata kusema luga moja haitoshi.

Tena si kwetu tu. Detroit na Windsor zinaangaliana juu ya mto, moja Marekani, moja Kanada. San Diego na Tijuana vile vile. Watu wanavuka kila siku kwa kazi, lakini eneo la muji la serikali ya kila inchi linaishia ku mupaka.

4. Nambari mbili zisizo za familia moja

Iko sababu ya pili, na hii ni ya kisomi kabisa. Tuseme tumekubali kuwajumlisha. Tutajumlisha nini na nini?

Upande wa Rwanda, hesabu ya raia ilifanywa 2022. Wilaya ya Rubavu yote, muji na mashamba, ilipata zaidi ya watu laki tano. Upande wetu, hesabu ya mwisho ya inchi nzima ilifanywa 1984. Ndiyo, 1984. Hakuna hata mumoja kati yetu wa promosyo yangu alikuwa amezaliwa. Tangu hapo tunazidisha, tunakadiria, tunaokota nambari ku kartye na ku ofisi za misaada. Ndiyo maana unasoma fasi moja Goma iko na watu milioni moja, fasi ingine karibu mbili. Wakati wa memwari yangu niliomba ofisi moja idadi ya watu wa muji kwa ku kadiria matumizi ya mboga. Wakanipa karatasi tatu, za mwaka moja, kila karatasi na nambari yake. Niliandika zote tatu, na dirèkta wa memwari akaniambia nichague ya katikati. Hiyo si statistiki, hiyo ni bahati nasibu yenye mihuri.

Ukichukua nambari yenye kuhesabiwa mulango kwa mulango, ukaijumlisha na nambari ya kukadiriwa toka 1984, jumla haiwi na nguvu ya ile nzuri. Inachukua ugonjwa wa ile mbaya. Mutu mwenye kuchanganya maziwa ya leo na maziwa ya juzi hapati maziwa ya jana. Anapata maziwa yenye kuharibika, lakini mengi.

Na kuna ingine: Rubavu ni wilaya, iko na vijiji na mashamba ndani. Goma ya karatasi ni komini mbili tu, Goma na Karisimbi. Ukijumlisha wilaya nzima na komini mbili, umejumlisha shamba na jikoni.

5. Mahindi na maharagi

Sasa wale wa "muji moja" watanijibu: lakini we mwenyewe umesema wanaishi pamoja, wanakula pamoja. Ni kweli. Na hapa shamba linatusaidia kuliko vitabu vya urbanismu.

Kila mukulima wa Kivu anapanda mahindi na maharagi pamoja. Mahindi inasimama, maharagi inatambaa chini, moja inapata jua, ingine inafunika udongo. Wakati wa kuvuna, hakuna mama anachanganya mahindi na maharagi mu gunia moja na kusema "nimevuna kilo mia nane za kitu". Anavuna kila kimoja pembeni. Na sisi mu agronomi, tukitaka kujua kama kupanda pamoja kuna faida, hatujumlishe kilo. Tunafanya hivi. Mfano wa ku tablo: hektari ya mahindi peke yake inaleta tani 2, hektari ya maharagi peke yake tani 1. Mukipanda pamoja ku hektari moja, mahindi inaleta tani 1.6, maharagi nusu tani. Mahindi imefika 0.8 ya kile ingeleta peke yake, maharagi 0.5. Jumla 1.3. Ni kusema, ili upate mavuno hayo kwa kutenganisha, ungehitaji hektari moja na sehemu tatu juu ya kumi. Kama jumla inapita 1, wanasaidiana. Kama iko chini ya 1, mumoja anamula mwenzake.

Angalieni ile hesabu inafanya nini. Inakubali kwamba wanaishi shamba moja. Inapima faida ya ujirani. Lakini haifanye mahindi kuwa maharagi.

Hiyo njo hesabu ya Goma na Gisenyi. Swali la maana si "pamoja ni milioni ngapi?" Swali ni: kila moja ingepoteza nini ingekuwa peke yake? Bariyeri ikifungwa, nyanya inapanda bei Virunga na Birere, na wakati ule ule mukulima wa Rubavu anakosa munnunuzi. Hasara ya pande mbili, siku moja, kwa kitunga kimoja. Ukiweza kupima hiyo, umepima ujirani. Nilikaa asubuyi nyingi Birere na daftari, naandika bei ya kitunga cha nyanya. Sikuhitaji redio kunijulisha kama kulikuwa shida ku mupaka. Kitunga kilikuwa kinasema mbele ya redio.

6. Woga wa kuuza inchi

Wale wenye kukataa kabisa nao wako na la kujibu. Woga wao naelewa. Mu Kivu, kila fasi mutu anasikia "pamoja na Rwanda", anasikia kukatwa kwa inchi. Huo woga haukutoka ndotoni, uko na makaburi. Na hata huu mupaka, hatukuuchora sisi. Ulipatanishwa Bruxelles mwaka wa 1910 na Wabelji, Wajerumani na Waingereza, wakati Goma ilikuwa posti ndogo mbele ya Kisenyi ya Wajerumani. Basi mutu akileta ramani mupya, ni haki yetu kuuliza kalamu iko kwa nani.

Lakini woga usitufanye vipofu. Kuhesabu kitu hakukipe mwenye. Daktari akihesabu wagonjwa wa kolera pande zote mbili za ziwa, hajasaini mukataba wa kuuza ziwa. Mwenye kukataa kuhesabu anapoteza mara mbili: mupaka hautoki fasi yake, na maarifa anayakosa.

Angalieni Kinshasa na Brazzaville. Watu wengi wanapenda kuzihesabu kama muji moja mukubwa, makao makuu mawili yenye kuangaliana juu ya mto moja. Daraja halipo mpaka leo, mutu anavuka kwa mashua Beach Ngobila. Mwaka wa 2014 Brazzaville ilifanya operesheni ya "Mbata ya bakolo", na zaidi ya raia laki moja wa inchi yetu wakarudi Kinshasa mu miezi michache, wengi kwa nguvu. Orodha ya "muji moja" ingesema nini siku ile? Kwamba muji umejifukuza wenyewe? Lakini upande ule mwingine: kama mutu angekuwa amehesabu mbele nani anatumika wapi, nani analala wapi, wale laki moja wasingefika kama mushangao. Wale wa "muji moja" walipumbazwa na picha. Wale wa "miji miwili, usiguse" walipumbazwa na ukuta.

7. Muji wetu wa kweli tunakataa kuuhesabu

Sasa nafika ku neno lenye kunisumbua zaidi. Tunabishana ju ya Gisenyi, lakini kuna muji jirani hakuna mutu anauongelea: ule wa kaskazini.

Panda barabara ya Rutshuru. Ukitoka Majengo, mbele ya kujua, umeshaingia Munigi. Nyumba hazikatike hata mita kumi. Watu wa Munigi, wa Buhene, wa Kibati wanatumika Goma, wanauza Goma, wanasomesha watoto Goma. Kabichi na viazi vya Kibumba vinashuka na chukudu mpaka Virunga. Lakini ku karatasi hao si watu wa Goma. Ni watu wa teritwari ya Nyiragongo, shefferi ya Bukumu. Sheria ya 2008 juu ya ETD inaweka muji, komini, sekta na shefferi, kila moja na utu wake na mapato yake. Ni kusema mama mwenye kabichi anakutana na mukono moja wenye kulipisha kule anatoka, na mukono mwingine kule anafika. Na wakati wa kuchimba mufereji, kila mukono unaingia mu mufuko.

Kipimo changu kinasema nini hapa? Kati ya Munigi na Goma kuvuka ni haki. Hakuna jetoni, hakuna muhuri, sheria ni moja, faranga ni moja. Nyumba zimeshikana. Miguu inaenda kila asubuyi. Huo ndio muji moja, bila mabishano, na hatuuhesabu!

Uchungu wake tuliuona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka. Lava ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Magazeti ya dunia yakaandika "Goma imeponyoka". Imeponyoka namna gani? Nyumba zenye kuungua zilikuwa za watu wenye kuamka kila siku wakienda Goma. Waliungua inje ya muji wa karatasi, basi muji "uliponyoka". Kisha tarehe 27 Mei wakaamuru kartye kumi za Goma zitoke. Mupango wa kutoka ulifuata kartye. Lava haijui kartye. Hata mwaka wa 2002, tarehe 17 Januari, haikuuliza komini; ilipita katikati ya muji mpaka ziwani.

Ndiyo maana nakasirika kidogo mutu akiniletea picha ya taa za Gisenyi. Anataka tuhesabu jirani ng'ambo ya mupaka ili tuonekane wakubwa, na hatujahesabu ndugu yetu wa juu ya barabara ili asiungue kama mugeni.

8. Basi tuhesabu nini?

Mimi napendekeza vitu vitatu, na hakuna kimoja kinahitaji kubadilisha mupaka.

Kwanza, Goma na pembeni yake ya Nyiragongo vihesabiwe kama eneo moja la muji, kwa maji, barabara, soko na kukimbia volkano. Shefferi ibakie shefferi, muji ubakie muji. Hesabu haifukuze mwami.

Pili, kwa Gisenyi tufanye kama INSEE ya Ufaransa. Lille iko ku mupaka wa Ubelgiji, na maisha yake yanaingia ndani ya Ubelgiji. INSEE inaandika eneo lake "Lille, sehemu ya Ufaransa". Inahesabu yake tu, lakini jina linakiri kwamba kitu kizima kiko kikubwa kuliko sehemu. Sisi nasi tuandike "Goma, sehemu ya Congo". Heshima ya mupaka iko, na ukweli wa maisha uko.

Tatu, yale yenye kuvuka bila jetoni yahesabiwe pamoja: ugonjwa, maji ya ziwa, tetemeko, bei ya chakula. Mwaka wa 2021 matetemeko yalipasua nyumba na barabara pande zote mbili. Siku zile Observatwari ya Volkano ya Goma ilikuwa inasikilizwa Gisenyi sawa na hapa. Na hii si ndoto. CEPGL ilisainiwa Gisenyi penyewe, tarehe 20 Septemba 1976. Makao yake yalikuwa Gisenyi, benki yake Goma, na IRAZ, kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo, Gitega kule Burundi. SINELAC, mutoto wa CEPGL, inatoa umeme wa Ruzizi II kwa inchi tatu, na kila inchi inajua sehemu yake. Wazee wetu walijua kupanda mahindi na maharagi pamoja na kuvuna kila kimoja pembeni. Sisi wenye diploma tumesahau. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, lakini kwa mama wa kitunga robine bado ni ile ile.

Wenzangu, wengi wetu tuko tunatafuta kazi, na wengi watapata kazi ya kuandika ripoti. Ripoti yako itakuwa na nambari ya watu wa Goma ku ukurasa wa kwanza. Mbele ya kuiandika, andika chini yake: Goma gani, imepimwa na nini, Munigi iko ndani ao inje. Mustari moja tu. Mwenye kuandaa maji, mwenye kuandaa soko, mwenye kuandaa barabara ya kukimbilia siku mulima unaamka tena, wote wanasoma ile nambari. Tukiwahesabia vibaya, watachimba mufereji fasi maji haipite.